Guillain-Barré: ugonjwa unaolegeza miguu ghafla baada ya kuhara, mafua au chanjo

Mtu aliharisha siku tatu, akapona, akarudi shambani. Wiki mbili baadaye anaamka nyayo zinawaka moto na vidole vina ganzi. Kesho yake anapata taabu kuinuka kwenye kigoda. Siku ya tatu anatembea ameshika ukuta, na siku ya tano hata kikombe cha uji kinamshinda kuinua. Hakuanguka, hakupigwa, wala hana homa. Akili yake ni timamu kabisa na anaongea na watu wanaokuja kumpa pole. Mwili tu ndio unaozima, kuanzia chini kwenda juu.

Katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, kama ilivyo kwingine nchini, hali ya namna hii hupata maelezo upesi. Wapo watakaosema amekanyaga dawa iliyofukiwa njiani. Wapo watakaokumbuka kwamba mwezi uliopita alichanjwa. Wengine watasema ni kiharusi, mambo ya presha. Makala haya yanaeleza ugonjwa mwingine ambao huenda ndio wenyewe: ugonjwa wa Guillain-Barré, jina linalotamkwa karibu na "Gilan-Bare", na ambao wahudumu wa afya huufupisha kwa herufi GBS. Ni ugonjwa adimu. Lakini anayeupata anaweza kufa ndani ya siku chache kwa kukosa pumzi, na mtu huyo huyo akifikishwa hospitali mapema anaweza kurudi kulima.

Jina limetoka wapi, na wanaugua wangapi?

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa Ufaransa, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl, waliandika habari za askari wawili waliolegea miguu na mikono kisha wakapata nafuu. Mwenzao Octave Landry alikuwa ameshaeleza hali kama hiyo tangu mwaka 1859. Jina lililobaki ni la wale wawili wa mwanzo. Strohl alisahauliwa, ingawa kazi aliifanya.

Asije mtu akadhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Hapa kwetu, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Dkt. William Howlett na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa Guillain-Barré wa Kaskazini mwa Tanzania na kuwalinganisha na wagonjwa wa magharibi mwa Norway. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996. Ugonjwa uko kila nchi, kwa watoto na wazee, wanaume wakiupata zaidi kidogo kuliko wanawake.

Duniani kote hukadiriwa kwamba kila mwaka mtu mmoja au wawili kati ya watu 100,000 huupata. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2022. Kwa kiwango hicho, mkoa mzima ungekuwa na wagonjwa kati ya 25 na 50 kwa mwaka. Hayo ni makadirio, si idadi ya walioandikwa kwenye daftari la hospitali. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa hata mmoja, na siku akija asimtambue.

Ndani ya mwili kunatokea nini?

Fikiria waya wa umeme. Ndani kuna shaba inayopitisha umeme, nje kuna plastiki inayouzuia usivuje. Mishipa ya fahamu imejengwa kwa namna inayofanana na hiyo: kuna uzi wa ndani unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, na kuna ganda la mafuta linaloufunika.

Mwili unapovamiwa na vijidudu hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kuwashambulia wavamizi hao. Tatizo ni kwamba baadhi ya vijidudu vina sehemu ya nje inayofanana sana na kitu kilichoko kwenye mishipa yetu ya fahamu. Askari wakishamaliza kazi ya kwanza, kwa watu wachache wanageuka na kushambulia mishipa hiyo wakidhani bado wanapigana na adui. Ganda huharibika, wakati mwingine hata uzi wa ndani. Amri ya "inua mguu" inatoka kichwani lakini haifiki.

Ndiyo sababu ugonjwa huja baada ya kitu kingine, kwa kawaida wiki moja hadi sita, na ndiyo sababu hauambukizi. Kumwogesha, kumlisha au kulala naye chumba kimoja hakuwezi kukupa Guillain-Barré. Wala haurithiwi kama rangi ya macho.

Huanzishwa na nini?

Kati ya wagonjwa watatu, wawili hukumbuka kuugua kitu kingine wiki chache kabla: kuhara, mafua au kikohozi. Kijidudu kinachotajwa zaidi ni bakteria aitwaye kampilobakta. Anaishi kwenye matumbo ya kuku na mifugo mingine bila kuwadhuru, na humfikia binadamu kupitia nyama isiyoiva vizuri, maziwa mabichi, maji yasiyochemshwa, na mikono iliyochinja kuku kisha ikashika kachumbari. Kwa familia ambazo kuku hulala ndani kwa kuogopa wezi na vicheche, na watoto hutambaa sakafu hiyo hiyo, si vigumu kuona njia anayopita. Kati ya watu wapatao 1,000 wanaougua kwa bakteria huyo, mmoja hivi hupata Guillain-Barré. Wengine wote huharisha na kupona.

Virusi pia wamo. Katika visiwa vya French Polynesia, mlipuko wa virusi vya Zika wa 2013 na 2014 ulifuatwa na wagonjwa 42 wa Guillain-Barré. Peru ilitangaza dharura ya afya mwezi Julai 2023 kwa sababu ya ongezeko la ugonjwa huu. VVU navyo vinaweza kuuanzisha, hasa mwanzoni mwa maambukizi, na kwa hiyo mgonjwa akiombwa kupima asione kwamba anatuhumiwa. Ni sehemu ya kutafuta chanzo.

Na chanjo?

Tuliseme jambo hili wazi, kwa sababu likifichwa hugeuka uvumi. Ndiyo, ziko chanjo chache zilizowahi kuhusishwa na ugonjwa huu. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu wapatao milioni 45 dhidi ya mafua ya nguruwe, na ikaonekana kwamba kwa kila watu 100,000 waliochanjwa, mmoja zaidi alipata Guillain-Barré. Mpango ulisimamishwa Desemba mwaka huo huo. Chanjo za mafua za miaka iliyofuata zimechunguzwa sana, na hatari iliyoonekana ni ya mtu mmoja au wawili zaidi kwa kila watu milioni moja.

La pili linatugusa sisi. Shehena ya kwanza ya chanjo ya Uviko-19 kuingia Tanzania, dozi 1,058,400, ilifika tarehe 24 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua uchanjaji tarehe 28 mwezi huo. Ilikuwa chanjo ya Janssen. Siku chache tu kabla, Marekani ilikuwa imetoa onyo kuhusu chanjo hiyo: baada ya dozi kama milioni 12.5, taarifa 100 za Guillain-Barré zilikuwa zimepokelewa, nyingi za wanaume wenye umri wa miaka 50 na kuendelea.

Piga hesabu. Taarifa 100 kwa dozi milioni 12.5 ni nane kwa kila milioni. Kwa kiwango hicho, shehena yote ile ingefuatwa na wagonjwa wanane au tisa nchi nzima. Watu milioni moja wasiochanjwa kabisa hutoa wagonjwa 10 hadi 20 kila mwaka kwa sababu nyingine. Wagonjwa nane ndani ya wiki chache ni zaidi ya kawaida, na ndiyo maana onyo lilitolewa badala ya kunyamaziwa. Lakini anayesema "chanjo ile inapooza watu" anachukua hatari ya watu wanane katika milioni na kuisema kana kwamba ni ya watu wanane katika kumi.

Kuna kitu kingine kinachochanganya. Ugonjwa ambao kwa tabia yake huja baada ya jambo fulani humfanya kila mtu aangalie nyuma: alikula wapi, aligombana na nani, alichomwa sindano gani? Na katika wiki sita zilizopita kila mtu amekula mahali na amegombana na mtu. Maswali hayo yana wakati wake. Saa zile za mwanzo swali lenye faida ni la mbele: anapumuaje?

Pumzi ndiyo ya kuchunga

Misuli ya kupumua hupokea amri kwa mishipa ile ile. Ugonjwa ukipanda kutoka miguuni hadi kifuani, mgonjwa hushindwa kuvuta hewa ya kutosha. Kati ya wagonjwa wanne, mmoja hivi hufikia hatua ya kuhitaji mashine ya kupumulia. Wengi hufika kilele cha udhaifu ndani ya wiki mbili tangu dalili ya kwanza, na karibu wote ndani ya wiki nne. Wapo wanaokwenda haraka mno: asubuhi anachechemea, kesho usiku hawezi kumeza mate.

Hadaa ya ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa anaweza kuonekana ametulia huku pumzi inaisha. Hatweti kama mwenye pumu, kwa sababu misuli ya kutweta nayo imechoka. Ishara za kuangalia ni hizi: sauti inakuwa ndogo au ya puani, anakatiza maneno ili avute hewa, anakohoa bila nguvu, maji yanampalia, uso unalegea na macho hayafumbi vizuri, hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kipimo kimoja wanachotumia madaktari hakihitaji chombo chochote. Mwambie avute hewa mpaka mwisho, kisha ahesabu kwa sauti bila kupumua tena. Mtu mzima asipofika 20 kwa pumzi moja, ni dharura. Akifika 30 leo na 22 kesho, ni dharura vile vile, kwani anashuka. Ila usikae nyumbani kusubiri namba zishuke. Miguu yote miwili ikilegea ndani ya siku chache, hiyo peke yake ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo.

Moyo na presha navyo huyumba kwa baadhi ya wagonjwa, juu na chini bila mpangilio. Na maumivu yapo, hasa ya mgongo na mapaja, hata kabla ya kulegea. Mtu akilalamika maumivu makali huku anaonekana mzima, asiambiwe anajidekeza.

Si kila kulegea ni Guillain-Barré

Kiharusi kwa kawaida hupiga upande mmoja, mkono na mguu wa kulia au wa kushoto, na huja kwa dakika. Guillain-Barré hushika pande zote mbili na huja kwa siku.

Mguu mmoja tu ukilegea mara baada ya sindano ya takoni, huenda sindano iligusa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo. Hilo ni jeraha, nalo linahitaji kuonwa, lakini ni jambo tofauti.

Kwa sisi wa nchi ya muhogo kuna konzo. Ni kupooza kwa miguu kunakotokana na kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa au kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa ambapo watu hufupisha siku za kuandaa udaga na kitoweo ni haba. Mlipuko wake ulichunguzwa wilayani Tarime mwaka 1985 baada ya ukame, na Dkt. Howlett yule yule alikuwa miongoni mwa wachunguzi. Tofauti iko kwenye miguu yenyewe: ya konzo hukakamaa na kukaza kama mti, mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole, ya Guillain-Barré ni tepwetepwe. Daktari akigonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu wa konzo huruka kwa nguvu, wa Guillain-Barré hautikisiki.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mambo mengine yanayobana uti huo, hulegeza miguu pia, na mara nyingi mgonjwa huzuilika mkojo au haja tangu mapema. Haya yote ni kazi ya daktari kuyatenganisha. Ili ayatenganishe huenda akaomba kuchukua maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano. Familia nyingi hukataa hapo, zikiamini sindano hiyo ndiyo inayopooza watu. Mgonjwa alishaanza kupooza kabla ya sindano. Maji hayo huonyesha kama kuna vijidudu vinavyohitaji dawa nyingine, na katika Guillain-Barré huonekana yana protini nyingi ilhali chembe za ugonjwa ni chache.

Mtoto chini ya miaka 15: siku 14 za kupima polio

Hapa sheria inabadilika. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mguu au mkono, hata kama daktari ana hakika kwamba ni Guillain-Barré, lazima atolewe taarifa na achunguzwe polio. Huchukuliwa choo mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alipoanza kulegea. Sampuli huwekwa kwenye ubaridi na kupelekwa maabara maalumu ya polio. Siku 14 zikipita, virusi hupungua kwenye choo na jibu halina uhakika tena. Mtoto aliyefichwa kwa mganga wiki tatu anaweza kupona, lakini kijiji kizima kinabaki hakijui kama polio imepita hapo.

Kutofautisha kwa macho ni kugumu hata kwa wakubwa wa dunia. Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alipooza mwaka 1921 akiwa na miaka 39 na akaandikwa kuwa na polio. Miaka mingi baadaye watafiti wengine walijenga hoja kwamba huenda ilikuwa Guillain-Barré.

Nasi si watu wa mbali na polio. Tarehe 17 Machi 2023 Burundi, jirani zetu wa mpakani, ilitangaza mlipuko baada ya kumpata mtoto wa miaka minne wa wilaya ya Isale ambaye hakuwa amechanjwa kabisa. Miezi michache baadaye virusi vikathibitishwa kwa mtoto mmoja mkoani Rukwa. Septemba 2023 serikali ikafanya kampeni ya matone katika mikoa sita, Kigoma ikiwemo, kwa watoto wa chini ya miaka minane.

Virusi hivyo havikuwa polio ya asili. Vilitokana na virusi dhaifu vya matone yenyewe, ambavyo vikizunguka kwa muda mrefu katika watu wengi wasiochanjwa hubadilika na kurudisha makali. Jambo hili huwapa wapinga chanjo maneno ya kusema, lakini hulisoma kinyume: vilipata nafasi kwa sababu watoto wengi walikuwa hawajachanjwa, na mtoto aliyekamilisha dozi zake ana kinga dhidi yake.

Taarifa inaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, hata mganga wa tiba asili. Wote wanaruhusiwa kupiga simu zahanati au kwa mganga mkuu wa wilaya. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, na kupiga ni bure. Utaratibu ni ule ule kwa watoto wa kambi za wakimbizi. Virusi havisomi kitambulisho.

Kwa nini mganga husifiwa

Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu wenyewe pumzi zao zikiokoka. Miezi sita baada ya kuugua, karibu wanane kati ya kumi wanatembea bila kushikwa. Kwa hiyo aliyepakwa dawa wiki ya tatu, wakati ugonjwa umeshafika kilele na unarudi nyuma, ataona dawa imefanya kazi. Aliyeombewa wiki hiyo hiyo atashuhudia kanisani. Aliyepewa vidonge vya dukani naye atavisifu. Waliokosa pumzi siku ya sita hawapo kutoa ushuhuda.

Kwenda kwa mganga hakuui mtu kwenyewe. Kinachoua ni siku zinazopotea, na mambo mawili hasa yanayofanyika huko. La kwanza ni kunyweshwa dawa kwa nguvu: koo likiwa limelegea, dawa huenda mapafuni. La pili ni kukandwa kwa maji ya moto au kuotea moto. Miguu yenye ganzi haisikii ikiungua, na kidonda cha moto kwa mtu asiyeweza kugeuka huchukua miezi kupona.

Hospitali watafanya nini?

Ziko tiba mbili zilizothibitishwa. Moja ni kumtundikia kingamwili zilizochujwa kutoka kwenye damu ya watu wengi wanaojitolea, kwa siku tano, ndani ya wiki mbili za mwanzo ikiwezekana. Nyingine ni kutumia mashine kutoa maji ya damu yenye askari waliokosea na kuweka mengine safi. Zote mbili hufupisha muda wa kulegea, na zote mbili ni ghali: chupa za kingamwili za kumtosha mtu mzima hugharimu mamilioni ya shilingi, na si hospitali nyingi nchini zilizo nazo. Sindano na vidonge vya jamii ya steroidi, ambavyo hutolewa kwa kila aina ya uvimbe, vimejaribiwa kwa ugonjwa huu na havisaidii. Ukiuziwa hivyo kama tiba yake, hela yako imepotea.

Je, basi kwenda hospitali ya wilaya ambayo haina chupa hizo kuna faida? Ipo, tena kubwa. Kinachookoa maisha zaidi ya kitu chochote ni uangalizi: kupima pumzi, mapigo na presha kila saa chache, oksijeni, kulishwa kwa mpira koo likilegea, kugeuzwa kila saa mbili asipate vidonda, kuzuia damu isigande miguuni. Na ni pale ambapo uamuzi wa rufaa hufanywa pumzi ikiwa bado ipo. Mgonjwa kutoka hospitali za wilaya za Kibondo au Kasulu, au Hospitali ya Kabanga, anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma, au mbali zaidi hadi Bugando, Mwanza. Kutoka Kibondo hadi Maweni ni zaidi ya kilomita 200, na ingawa sehemu kubwa ya barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu imewekwa lami, safari ni ya saa kadhaa. Anayehesabu 15 kwa pumzi moja asisafirishwe kwa basi wala bodaboda, akiwa amefungwa khanga kwa dereva. Aende kwa gari la wagonjwa, na muuguzi, na oksijeni. Familia ina haki ya kuuliza jambo hilo kabla gari halijaondoka.

Kurudi nyumbani

Mishipa ya fahamu hujijenga taratibu. Wengine hupona kwa wiki, wengine kwa mwaka au zaidi, na wachache hubaki na udhaifu wa nyayo au uchovu usioelezeka. Mazoezi ya viungo huanza mgonjwa akiwa bado kitandani: mtu wa nyumbani anakunja na kukunjua kila kiungo mara kadhaa kwa siku, polepole, ili kisikakamae. Nyayo zikiangukia mbele, ziegemezwe kwa mto au ubao ulioviringishiwa nguo. Akianza kusimama, fito mbili zilizochimbiwa uani, za kushika huku na huku, zinamfaa. Asilazimishwe kwenda shambani kwa sababu tu "anaonekana amenenepa"; misuli inayochoshwa kupita kiasi hurudi nyuma kwa siku kadhaa. Na moyo wake uangaliwe pia. Mtu aliyelala wiki sita akiwa na akili timamu, akisikia ndugu wanajadili nani amemroga, hutoka na majonzi yake.

Kuugua mara ya pili hutokea, lakini kwa wachache sana. Aliyewahi kuugua amweleze muuguzi kabla ya chanjo yoyote, na ataje kama ugonjwa ulikuja ndani ya wiki sita baada ya chanjo fulani. Ikiwa ndivyo, chanjo hiyo hasa huenda akashauriwa asiirudie. Ndugu zake na watoto wake wanaendelea na ratiba yao ya kawaida. Kwa mtoto aliyechukuliwa choo, mhudumu wa afya anaweza kurudi siku 60 baada ya kulegea kumtazama anavyotembea, hata kama ameshapona na anacheza mpira. Amruhusu tu aone.